Anti Aliyerudisha Kondoo

Ile ofisi ya Anti iliyokuwa juu ya duka la dawa za mifugo, hapa Kitengela kando ya barabara ya Namanga, siku hizi ni saluni. Nilipita juzi nikaona wameipaka rangi ya waridi mpaka kwa ngazi. Harufu ya dawa ya kupe bado inapanda kutoka chini, hiyo hawajaiweza. Nilikuwa na haraka zangu kama kawaida, lakini nilisimama hapo mpaka mwenye saluni akatoa kichwa kwa dirisha akaniuliza kama nataka kusukwa.

Anti alikuwa bibi ya mjomba wangu, ndugu wa mama. Sisi ni Wakamba. Yeye alitoka kisiwa kimoja cha Karibi, kidogo sana, hata kwa ramani ya shule yetu hakikuwepo. Mwalimu aliniambia niweke nukta kwa maji, mahali popote nitakapoona panafaa. Walikutana ng'ambo wakisoma, mjomba akisomea kupima mashamba na yeye akisomea sheria, na mjomba akamleta Kitengela wakati nyumba hapa zilikuwa chache na punda milia walikuwa wanakunywa maji kwa mitaro. Hiyo ya punda milia mimi niliambiwa tu. Nilikuwa sijazaliwa.

Niliambiwa pia vile nyanya alikuja kutoka Ukambani kumkagua. Nyanya alikuwa amejiandaa kwa vita. Anti akamwekea mezani wali uliopikwa na mbaazi na nazi, mbaazi nzima nzima, vile tunapenda. Nyanya akauliza ni nani amemfundisha. Mama akamwambia hakuna, kwao hiyo ndiyo chakula ya kila Jumapili. Nyanya akala, akaongeza, akafuta mdomo, akasema kwa Kikamba, "Huyu ni wetu walimpeleka mbali. Amechelewa tu kurudi." Maneno yakaisha hapo. Mama akimsimulia mtu hiyo hadithi hunyamaza kidogo mahali hapo, na mimi huwa naomba moyoni aendelee.

Mjomba alifariki nikiwa darasa la nane. Watu wetu walidhani Anti atafunga nyumba aende kwao. Hakwenda. Alikuwa ameshakuwa raia, ameshafanya mitihani ya hapa na kuapishwa wakili, na alikuwa na kesi kortini Kajiado zimejaa. Nilipomaliza fomu foo nilihamia kwake, nisaidie ofisini nikingoja kwenda chuo. Chuo kilikawia. Mimi sikujali sana.

Kutembea na yeye kulikuwa ni mateso. Kwao, mtu hawezi kuingia mahali pa watu bila kusalimia wote. Kwa hivyo tukiingia benki, duka la simu, kwa daktari, popote, anasimama mlangoni na kusema kwa sauti, "Habari za asubuhi nyote!" Na anangoja. Watu wa Kitengela kila mtu yuko na shida zake, anaangalia simu. Anarudia. Anangoja tena mpaka wajibu. Mimi naangalia viatu.

"Anti, si tuende tu kwa laini?"

"Laini ya nani? Hawa watu si miti."

Sasa kuna siku naingia mahali nasikia mdomo wangu umefunguka wenyewe, na watu wananitazama.

Kesi zake nyingi zilikuwa za wanawake na mashamba. Bwana akifa, shemeji wanaamka asubuhi wakiwa na mnunuzi. Alikuwa anabeba faili zake kwa kiondo, na kabla ya kesi anakaa kwa benchi la nje na hao wamama wanakula mandazi pamoja, halafu wanaingia. Mmoja wao alikuwa nyanya wa Kimaasai kutoka upande wa Kisaju, mjane. Nitamwita Koko, kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu alimwita, ni nyanya kwa Kimaa. Shamba lake lilikuwa limeuzwa yeye akiishi ndani yake, ng'ombe wake wakila hapo. Ile kesi ilikwenda miaka. Siku walishinda, Koko alimtemea Anti mate kidogo kwa mikono, ile baraka ya wazee, akapanda gari akaenda. Anti alikaa na hiyo mikono wazi kwa mapaja mpaka tukafika Kitengela.

Sasa hapo ndipo siasa iliingia. Wamama wa kesi ndio walianza. Walisema, wewe tayari unapigana, basi pigana ukiwa na kiti. Wakataka asimamie MCA, yaani diwani wa wadi yetu. Alikataa, akakataa tena, halafu siku moja tukikaanga ndizi jikoni akaniambia amekubali. Akaniambia pia kitu kingine, na hiki ndicho kilininyima usingizi.

"Sheria ya hapa inasema ukichaguliwa, uraia ni mmoja. Nikishinda, narudisha pasi ya kwetu. Nakuwa wa hapa peke yake, na mkinizika mtanizika karibu na mjomba wako."

"Na ukishindwa?"

Akageuza ndizi. "Mama yangu hajui tena ni siku gani. Dada yangu amechoka. Nikishindwa, naenda kumwangalia."

"Kwenda na kurudi?"

"Ndizi zinaungua," akasema.

Kwa hivyo msinione kama mtu wa siasa. Sikuwa natafuta barabara wala maji. Nilikuwa nataka Anti ashinde ili akae.

Alisimama kama mgombea huru, bila chama. Yeye mwenyewe ndiye aliandika maneno ya bango: SITOI, SIPOKEI. Maana yake hatagawa pesa kwa mikutano, na yeye pia hatachukua chochote kwa mtu. Kijana tuliyemweka kusimamia kampeni, alikuwa anauza simu mtaani na anajua watu wote, alishika kichwa.

"Mathe, hiyo ya kutotoa tutaipeleka wapi? Watu watakufa na kiu kwa mkutano."

"Wabebe maji."

Lakini ile bango ilishika. Watu wa mitaa mipya, wale wanaofanya kazi Nairobi na wanarudi jioni, waliipenda sana. Walikuwa wamechoka na wanasiasa. Mwenye duka la chini, Msomali mmoja muuza dawa za mifugo na pia mbuzi wa kusafirisha, akaibandika kwa mlango wake bila kuombwa. "Mama Wakili," akasema, "hii kitu yako ni wazimu, lakini wazimu safi."

Basi, kampeni ikiwa katikati, Koko akaja. Nilisikia pikipiki imesimama nje, halafu nikasikia kondoo akilia kwa ngazi. Kwa ngazi! Koko alikuwa amepanda pikipiki kutoka Kisaju, kondoo jike ameshikwa katikati yake na dereva, kichwa kimetoka kwa gunia. Alikuwa amevaa shanga zote, mpaka zile kubwa za sherehe. Akaingia ofisini akimvuta.

"Takwenya," Anti akamsalimia vile alikuwa amefundishwa.

"Iko," Koko akajibu. Akasukuma kondoo mbele. "Huyu ni wako."

Anti akatabasamu vizuri kabisa. Alimkalisha Koko kwa kiti, akanituma soda, halafu akamweleza polepole kama mtu anaeleza jaji. Kwamba anashukuru. Kwamba yeye ni mgombea. Kwamba kwao, mtu anayetafuta kura hapokei hata yai, kwa sababu kesho yai litadai kitu. Kwamba kama angekuwa si mgombea ingekuwa hadithi nyingine. Akaita yule wa pikipiki, akamlipa yeye mwenyewe awarudishe wote wawili, Koko na kondoo.

Koko alisikiliza yote. Aliangalia ile bango ukutani, ambayo hawezi kusoma. Akasimama, akamfunga kondoo tena kwa gunia, akatoka. Soda ilibaki mezani, haijafunguliwa. Anti akasema, "Ni mama mwenye heshima sana," akarudi kwa faili zake. Mimi nikanywa ile soda.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mkutano Kisaju, sokoni karibu na mahali pa mifugo. Tulidhani pale ndipo nyumbani, tutajaza. Walikuja watu kidogo, na wamama wa kesi, wale wenyewe waliomsukuma asimame, walikaa mbali chini ya kibanda cha mboga kama wamekuja kununua sukuma wiki. Anti aliongea maji, akaongea hatimiliki, akaongea zahanati. Hakuna mtu alipiga makofi. Mwisho mzee mmoja mwenye rungu akainua mkono.

"Mama, swali yangu ni moja. Hiyo kondoo ilikuwa na ugonjwa gani?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

"Kondoo gani?" Anti akauliza.

"Ile ulirudisha. Tunataka kujua, tusije tukaambukizwa sisi."

"Mzee, mimi sipokei zawadi kwa wapiga kura. Ni kanuni yangu."

"Nani amesema ni zawadi?" mama mmoja akapiga kelele kutoka kwa mboga. "Alikuwa anakupa jina!"

Tuliondoka mapema. Kwa gari ndipo yule kijana wa kampeni, ambaye mama yake ni Mmaasai na alikuwa amenyamaza muda wote huo, shetani yeye, akatueleza. Mtu akikupa mnyama na ukampokea, mnaacha kuitana majina. Mnaitana kwa huyo mnyama. Akikupa kondoo, wewe unamwita Paker na yeye anakuita Paker, mpaka kifo, na watoto wenu wanajua. Haina mambo ya kulipa kesi. Koko alikuwa amekuja kumfanya mtu wake, mbele ya dereva wa pikipiki na mji wote. Na kumrudisha yule mnyama, siku hiyo hiyo, juu ya pikipiki, mchana watu wakiona, ni kama kumwambia mtu, sikutaki, hata ukoo wako sitaki.

"Na ulikuwa unajua?" Anti akamuuliza.

"Nilikuwa kwa printa siku hiyo, mathe. Nilisikia imeshafanyika."

Anti aliangalia nje. Tulipita mabango yake mengi hapo kwa barabara. "Nimeishi hapa miaka yote hii," akasema. "Hakuna mtu aliniambia."

"Hukuuliza," nikamwambia. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa tayari naona ndege ya kumpeleka kwao.

Alikwenda kuomba msamaha Jumatatu. Mimi na yeye tu, bila kipaza sauti. Koko alikuwa nje ya nyumba anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, moshi unatoka kwa mdomo wa kibuyu. Hakusimama.

"Nimekuja kwa ajili ya kondoo," Anti akasema.

"Kondoo gani?"

"Yule wangu."

"Wako alirudi na pikipiki." Koko akatikisa kibuyu. "Alilia njia yote. Nimempa mwalimu wa nasari. Yeye hana kanuni."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Anti akakaa chini, kwa udongo, na sketi yake ya korti. Akasema hakujua. Akasema kwao mtu akikupa kitu wakati wa kura anataka kukununua, na alidhani anamlinda Koko na anajilinda mwenyewe. Koko akamuuliza kwao watu wanafanya nini wakitaka mtu awe wao. Anti akasema, wanamlisha. Wanampa chakula na wanangoja aongeze.

"Basi wewe ulikataa chakula," Koko akasema.

"Ndiyo."

"Na soda yako ilikuwa ya moto."

Tulikaa. Jua likasogea. Mimi ningekuwa nimeshaondoka mara tatu, nilikuwa nasimama nakaa, nasimama nakaa, mpaka Koko akaniuliza kama nimekalia siafu. Mwisho akaita mjukuu aliyekuwa kwa boma, na mjukuu akaleta mbuzi, jike mchanga, mweupe na mabaka ya hudhurungi, anarusha miguu.

"Huyu ana tabia kama yako," Koko akasema. "Anabishana. Unachukua ama hauchukui?"

Anti alishika ile kamba kwa mikono miwili.

"Sasa mimi sina jina," Koko akasema. "Mbuzi ni enkine. Mimi ni Pakine. Na wewe?"

"Pakine," Anti akasema. Koko akacheka, akamtandika mgongoni. Wamama wakatoka kwa nyumba zingine wakaja kuangalia na kuimba kidogo. Watu wakapiga picha na simu, kama vile watu wanapiga picha za kila kitu.

Sijui ni nani aliituma moja kwa mtandao. Jioni hiyo hiyo ilikuwa kwa kila kundi la mtaa hapa Kitengela: Anti anacheka na kamba ya mbuzi mkononi, na mtu ameweka bango lake kando, SITOI, SIPOKEI. Wale watu wa mitaa mipya walichemka, wakaandika: kumbe hata yeye. Leo mbuzi, kesho ni ploti. Afadhali wezi wanaosema ni wezi.

Asubuhi yule Msomali alitungoja kwa ngazi.

"Mama Wakili, hii picha ni mbaya sana."

"Naweza kuwaeleza."

"Eleza nani? Mtu wa ghorofa hajui mambo ya mbuzi, anajua nyama. Sikiliza mimi. Rudisha. Piga picha ukirudisha. Kura ikipita, unaenda unachukua tena, yule mama ataelewa."

Kijana wa kampeni akasema hata yeye anaona hivyo. Mimi nikasema hivyo pia, nikasema kwa nguvu. Nilijua Koko angekubali, nilikuwa tayari kwenda kumwomba mwenyewe. Ilikuwa ni siku chache tu, halafu Anti ni wetu milele.

Anti alimsalimia kwanza mteja aliyekuwa ameketi hapo, halafu akatugeukia. "Nimemrudisha mmoja," akasema. "Sirudishi mwingine."

"Utashindwa!" nikamwambia.

"Labda."

"Utaenda!"

Alinishika shavu kwa ile mikono yake mikavu kama karatasi, akaingia ofisini.

Alijaribu kuwaeleza. Alizunguka mitaa, alisimama kwa mageti akisema habari za jioni nyote, akieleza mambo ya Paker na Pakine kwa watu waliokuwa wanataka tu kufika kwa nyumba zao. Wengine walimsikiliza. Upande wa Kisaju walimpa kura zote, nafikiri hata mzee wa rungu. Mji ulimnyima. Ukijumlisha, alikuwa ameshindwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake, na alimpigia simu aliyeshinda kumpongeza mimi nikiwa nalia bafuni.

Wiki za mwisho ndizo nazikumbuka vizuri kuliko yote, na hakuna kitu kilitendeka. Alikuwa anagawa vyombo. Alimfundisha mama kupika ile samaki yao ya chumvi, kwa omena, wale dagaa wa ziwa, kwa kuwa ile yenyewe hatukuipata, na ilikuwa mbaya kabisa na tulimaliza. Alienda Kisaju akalala huko, akarudi ananuka moshi. Siku moja nilimrukia tukikunja mapazia. Nilimwambia kama angerudisha huyo mbuzi mjinga angebaki hapa.

"Ningebaki hapa," akakubali. "Na nikienda Kisaju, nitakaa wapi? Nitamwita nani?"

"Ungekuwa na mimi!"

Aliacha pazia. Alilia siku hiyo, yeye, ambaye hata kwa kaburi la mjomba alikuwa amesimama wima. Mimi pia. Halafu tukamaliza mapazia kwa sababu mnunuzi alikuwa anakuja.

Alikaa na mama yake mpaka mama akafariki. Nilikuwa nahesabu kwamba baada ya hapo atarudi. Lakini watu wa kwao walikuwa wameona vile anasalimia kila mtu dukani na vile anashika kesi za wajane, na huko pia kuna mashemeji. Wakamwambia asimamie ubunge. Alinieleza kwa simu kama mtu anaeleza homa. Nikamwambia jaribu tu. Ndani nilikuwa nasema, atashindwa, na akishindwa anajua njia.

Alipiga mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni, nikiwa jikoni. Huko ilikuwa asubuhi.

"Nimeshinda," akasema.

Nikapiga kelele mpaka mama akaja mbio. Halafu nikasikia vile amenyamaza, na nikajua kabla hajasema.

"Huko pia ni mmoja tu, si ndiyo?" nikamuuliza. "Uraia."

"Ni mmoja tu, mpenzi. Lazima niandikie Nairobi, nirudishe wa huko."

Nilikata simu. Nilisimama na mwiko mkononi. Halafu nikampigia mimi, na ile kredo yangu ndogo ya simu, nikamwambia hongera, nikairudia tena, kwa sababu neno lingine nililokuwa nalo singeweza kulisema siku yake ya kushinda. Akaniuliza napika nini. Nikamwambia maharagwe. Akauliza kama nimeweka kitunguu mapema ama nimengoja. Nyuma yake kulikuwa na honi na watu wanaimba, na mtu akamwita kwa ile lugha yao ya haraka ambayo sikuwahi kushika, na Anti akacheka akamjibu kwa hiyo hiyo.

"Wananingoja," akaniambia.

"Nenda," nikasema.